Mafuta ya Kurudi

Somo: Matendo ya Mitume, sura ya 27

Popote ulipo asubuhi hii, ukiwa jikoni unakoroga uji, au unafungua mlango wa duka, au umelala kitandani kwa ajili ya maradhi, karibu tukae pamoja kwa dakika hizi chache.

Leo nataka tuzungumze juu ya safari ya ndege ndogo. Sisemi zile ndege kubwa ziendazo Ulaya. Nasema ndege ya injini moja, yenye viti vitano au sita, ambayo rubani akiinua kiwiko anakugusa. Ndege za namna hii zimewasaidia watu wengi katika nchi yetu. Tangu mwaka 1957, daktari Michael Wood na wenzake walipoanzisha kazi ya madaktari wanaosafiri kwa ndege, wako wagonjwa wengi wa mbali ambao wasingemwona daktari kama si chombo hiki kidogo.

Nitawaeleza jinsi nilivyosafiri kwa ndege kama hiyo kwenda Marsabit, na jinsi nilivyotenda dhambi nikiwa angani.

Nilikuwa bado kasisi kijana. Wakati ule barabara ya lami kutoka Isiolo kwenda Marsabit ilikuwa haijakamilika. Nililetewa habari kwamba mwinjilisti mmoja mzee amefariki. Mzee huyo ndiye aliyenipokea kule nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha theolojia, nikatumwa kujifunza kazi. Alinifundisha mambo ambayo sikuyapata chuoni: jinsi ya kukaa kimya karibu na mtu aliyefiwa, na jinsi ya kufupisha mahubiri mbele ya watu wenye kiu. Kabla ya kufa aliagiza kwamba nimzike mimi. Mazishi yaliwekwa siku ya Alhamisi, saa saba mchana. Nikapata kiti katika ndege iliyokuwa ikipeleka dawa.

Tulikutana na rubani asubuhi katika uwanja wa Wilson, Nairobi. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye maneno machache. Jambo la kwanza alilofanya ni kuleta mizani. Akatupima abiria mmoja mmoja kama magunia ya mahindi, kisha akapima mizigo. Mimi nilikuwa na gunia la sukari na mablanketi kwa ajili ya mjane. Rubani akaandika, akajumlisha, halafu akaliweka gunia langu kando. "Hili litakuja siku nyingine, Kasisi," akasema.

Sikupendezwa. Gunia moja tu! Lakini akanieleza. Uwanja wa Wilson uko juu ya usawa wa bahari kwa futi 5,500 hivi. Hewa ya mahali pa juu ni nyepesi, na ikipata joto huwa nyepesi zaidi. Injini huvuta hewa kama wewe na mimi. Propela huishika hewa ili kuivuta ndege mbele. Mabawa nayo huegemea hewa. Basi hewa ikiwa nyepesi, vyote vitatu hudhoofika kwa wakati mmoja. Siku ambayo joto la Wilson limefika digrii 26, ndege huwa kana kwamba iko katika uwanja ulio juu ya futi 8,000. Uwanja ni ule ule, na ndege ni ile ile, lakini inahitaji kukimbia mbali zaidi kabla ya kuruka, na ikisha kuruka hupanda polepole. Gunia ambalo si kitu kule Malindi pwani, Wilson ni kitu.

Tena akaniambia kanuni moja ambayo sijaisahau. Ndege ikifika nusu ya njia yake ya kurukia, nayo haijapata sehemu saba katika kumi za mwendo unaotakiwa, rubani hupunguza moto wa injini na kufunga breki. Hashauriani na mtu wakati huo. Shauri alikwisha kulikata kabla ya kuanza.

Baada ya hapo tukangoja. Hewa ya Nairobi ilikuwa safi kabisa, nami nikaanza kutazama saa. Rubani alikuwa akiuliza habari za Marsabit, akaambiwa kuna ukungu. Ndugu msikilizaji, ikiwa hujafika kule, fahamu kwamba mlima wa Marsabit umesimama peke yake katikati ya nchi kavu, na kilele chake kina kama mita 1,700. Hewa yenye unyevu itokayo upande wa bahari ikigonga mlima huo hupanda, hupoa, na kugeuka wingu. Ndiyo maana juu kuna msitu na maziwa, hali chini ni mawe na mchanga. Na ndiyo maana asubuhi nyingi ukungu huukalia mji wote.

Basi rubani wa njia ile yumo kati ya mambo mawili. Akienda mapema mno, anakuta ukungu mlimani. Akichelewa mno, anakuta jangwa limekwisha kupata moto, na hewa inapanda na kushuka kama maji ya sufuria yanayochemka, ndege ikirushwa huku na huku. Saa zilizo njema ni chache katikati, na huzipata yule anayejua kungoja.

Saa tatu na nusu tukaruka. Tukaelekea kaskazini, Nyandarua ikiwa upande wetu wa kushoto na Mlima Kenya upande wa kulia. Nyandarua hufika karibu mita 4,000, na Mlima Kenya mita 5,199. Ndege yetu haikuwa na nguvu za kuuvuka mlima kama huo, wala rubani hakujaribu. Alipita katika nafasi iliyo kati ya milima hiyo miwili, upande wa Nanyuki.

Nikaona kwamba kila alipotaka kuvuka mgongo wa kilima hakuuendea moja kwa moja. Aliuendea kwa kukingama, upande upande. Nikamwuliza kwa nini. Akasema, "Upepo ukipita juu ya mlima ni kama maji ya mto yakipita juu ya jiwe. Upande yanapotoka, yanapanda. Upande wa pili, yanaanguka. Ndege ndogo ikiingia katika hewa inayoanguka, inaweza kushushwa upesi kuliko injini inavyoweza kuipandisha. Nikienda kwa kukingama, nikiona nashushwa, nageuka kidogo tu na kuukimbia mlima. Nikiuendea uso kwa uso, lazima nigeuke nusu ya duara, na huenda nisiwe na nafasi." Aidha alisema haingii katika bonde jembamba kabla ya kuona jinsi atakavyotoka. Akiingia bondeni, hukaa ubavuni, wala si katikati, ili abaki na upana wote wa bonde wa kugeukia.

Haya si maneno ya woga. Milima hii yetu imewaua watu. Tarehe 5 Juni 2018 ndege ndogo iliyotoka Kitale kuja Nairobi iligonga milima ya Nyandarua, na watu wote 10 waliokuwamo walikufa.

Tulipoipita Isiolo nchi ikafunguka. Mbele yetu ikalala Kaisut, nchi ya ukame iliyo kusini ya Marsabit. Nilidhani sasa tumepona, maana hakuna milima. Rubani akasema jangwani kuna hatari ya namna nyingine. Vumbi hupanda mpaka huwezi kuona ardhi inapokutana na mbingu, na kila kijito kikavu kinafanana na kingine. Kwa hiyo yeye hutazama dira na saa, lakini pia haiachi barabara iende mbali na macho yake, kwa maana mahali penye barabara kuna watu. Nyuma ya viti alikuwa amefunga madumu ya maji, na hakuna aliyeruhusiwa kuyapunguza. Kule Wilson alikuwa ameacha habari ya njia tutakayoifuata na saa tutakayofika, ili tusipofika watu wajue pa kututafuta. Na tukilazimika kutua jangwani, alisema, mtu asiiache ndege na kwenda kutafuta msaada bila kujua aendako. Mtu mmoja mchangani haonekani kutoka juu, lakini bawa jeupe linaonekana. Tena lina kivuli.

Saa tano hivi tukauona mlima, yaani tuliona mahali ulipo. Miguu yake ilikuwa katika jua, na juu yake limeketi wingu jeupe, zito. Ukungu haukuwa umeondoka.

Wapenzi, mlima huo sisi Waanglikana tunaujua kwa huzuni. Tarehe 10 Aprili 2006 ndege ya jeshi ilianguka karibu na mji wa Marsabit, hali ya hewa ikiwa mbaya. Ilikuwa imebeba viongozi waliokwenda kutafuta amani kati ya jamii zilizokuwa zikipigana. Kati ya watu 17 waliokuwamo, 14 walikufa, nao wakiwamo wabunge na Askofu Msaidizi William Waqo wa Kanisa letu. Walikufa katika kazi njema, wala mimi simhukumu mtu, sikuwako. Siku ile nilikuwa mwanafunzi chuoni. Tulipigiwa kengele, tukaingia kanisani, tukalia.

Hayo yote niliyajua. Na hata hivyo sikilizeni nilivyofanya.

Rubani aliuzunguka mlima kwa mbali, mara moja. Akazungumza kwa redio. Akatazama mshale wa mafuta, akatazama saa. Kisha akaanza kugeuza ndege. Nikamwuliza, "Tunakwenda wapi?" Akajibu, "Isiolo." Nikamwambia kuna maiti inayongoja kuzikwa. Akasema, "Najua, Kasisi. Pole." Nikamwambia ajaribu mara moja tu, labda kuna tundu katika wingu. Akatikisa kichwa. Ndipo nikasema neno ambalo mpaka leo linanichoma. Nilisema, "Ndugu yangu, huna imani?"

Hakukasirika. Alinionyesha ule mshale. "Mafuta haya yaliyobaki ni ya kurudi," akasema. "Niliyahesabu kabla hatujaondoka. Nikiyatumia kutafuta tundu, hatutakuwa na ya kurudia. Mlima haujui kwamba wewe unangojwa."

Mpaka Isiolo sikumsemesha tena. Saa saba ilipofika nilikuwa nimeketi juu ya boksi la dawa kivulini mwa bawa, na mzee wangu akashushwa kaburini bila mimi. Mzee wa kanisa ndiye aliyesoma sala.

Siku ile ile jioni nikapata lori, nikafika Marsabit kesho yake nikiwa nimejaa vumbi na aibu. Nikaenda moja kwa moja kwa yule mjane. Nikaanza kumlaumu rubani mbele yake: jinsi alivyoacha gunia lako, Mama, jinsi alivyotuchelewesha, jinsi alivyogeuka bila hata kujaribu. Mama huyo alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Mwanangu, mwaka 2006 mimi nilikuwa hapa mjini. Tulikuwa tunangoja wageni wa amani. Tukaletewa maiti. Jana nilipoambiwa ndege imegeuka, nilimshukuru Mungu, halafu nikaenda kumzika mume wangu. Kaa, unywe chai."

Nilikunywa chai ile, lakini koo lilikuwa limebana. Mimi nilikuwa nimemwuliza rubani habari ya imani. Mjane, aliyekuwa na haki ya kunikasirikia kuliko watu wote, ndiye aliyenionyesha imani ni nini.

Sasa tuifungue sura ya 27 ya Matendo ya Mitume. Paulo ni mfungwa, anapelekwa Rumi kwa merikebu. Wamefika mahali panapoitwa Bandari Nzuri, katika kisiwa cha Krete, na majira ya kusafiri yamekwisha kupita. Paulo anawaonya kwamba safari hii itakuwa na hasara. Lakini akida anamsadiki nahodha na mwenye merikebu kuliko Paulo, na watu walio wengi wanataka kuendelea, kwa kuwa bandari ile haifai kukaa wakati wa baridi. Kisha upepo wa kusi unavuma taratibu, upepo mtamu, nao wanadhani wamepata walichokitaka. Wanang'oa nanga. Haikupita muda mrefu, tufani ikawashukia. Watu wote 276 waliokolewa kwa rehema ya Mungu, lakini merikebu ilivunjika na shehena yote ikapotea.

Ona, ndugu yangu, jinsi watu wale walivyoingia katika taabu. Hawakuwa wajinga. Kulikuwamo nahodha na mabaharia. Walisukumwa na mambo ambayo hata leo yanatusukuma: bandari isiyopendeza, watu wengi wenye haraka, na dakika chache za upepo mwanana. Nao Paulo aliyewaambia wangoje alikuwa ndiye mtu mwenye imani kuliko wote melini.

Kwa hiyo leo nina neno la namna mbili.

Neno la kwanza ni kwa wewe uliyeshika usukani. Labda ni usukani wa gari, labda ni wa nyumba, wa duka, au wa fedha za kanisa. Kata shauri la kugeuka kabla hujaondoka. Unapokopa fedha, useme tangu mwanzo, "Hasara ikifika hapa, nafunga." Usingoje mpaka umo ndani ya wingu ndipo uanze kufikiri, maana ndani ya wingu akili husikia tu lile inalolipenda. Kijana uliyeanza urafiki usiokupeleka kwa Mungu, bado una mafuta ya kurudi. Usiyatumie kutafuta tundu. Yule mwana mpotevu katika Injili hatusifiwi kwa ajili ya umbali aliokwenda. Tunafurahi kwa sababu alizingatia moyoni, akageuka, naye babaye akamwona angali mbali.

Neno la pili ni kwetu sisi abiria, na ndilo linalonihusu mimi. Mara nyingi tunapoomba dua za safari tunamwombea dereva. Ni vizuri. Lakini ni nani anayemwambia dereva "ongeza mwendo, tumechelewa"? Ni nani anayemcheka rubani aliyeahirisha? Ni nani anayemwambia mume, "Wenzako wamejenga, wewe unangoja nini?" Ni nani katika halmashauri ya kanisa anayesema, "Tuendelee tu, Mungu atatoa," hali vitabu vya hesabu vinaonyesha mafuta yamekwisha? Sisi tusioshika usukani tunaweza kuwaua watu kwa ulimi. Na ni vibaya zaidi tukilichukua neno takatifu kama imani na kumpigia nalo mtu anayefanya kazi yake kwa uaminifu mbele za Mungu.

Nilimtafuta yule rubani baadaye. Ilinichukua wiki tatu, si kwa sababu alikuwa mbali, ila kwa sababu ya kiburi changu. Nilimkuta uwanjani akipima mizigo. Nikamwomba msamaha. Akacheka kidogo, akasema, "Kasisi, lile gunia lako lilikwisha kwenda. Lilifika Jumanne." Alikuwa amelipeleka kwa mjane katika safari iliyofuata, bila kuniambia.

Ikiwa leo kuna mtu uliyemsukuma kupita kiasi, mtafute. Na ikiwa kuna mtu aliyegeuka kwa ajili ya usalama wako ukamdharau, mshukuru kabla jua halijatua.

Na tuombe. Ee Bwana, Mungu wetu, wewe uliyeiweka milima na kuzipa pepo njia zake, twakuomba uwalinde wote wanaosafiri leo kwa anga, kwa nchi na kwa maji. Wape marubani na madereva macho ya kuona na ujasiri wa kugeuka. Utupe sisi abiria ulimi wa upole na moyo wa kungoja. Uwafariji wote ambao mlimani, jangwani au barabarani walipotewa na wapendwa wao. Na kila aliyekwenda mbali nawe, umgeuze leo, angali na mafuta ya kurudi. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.